SOMO LA TANGAWIZI: Namna ya Kuilima, Kuitunza, na Kuitumia bila Kumdhuru Mtoto

Somo hili ni kwa watu wote wenye shamba dogo nyuma ya nyumba, na zaidi kwa akina mama. Tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni namna ya kulima tangawizi (wengine husema tangawisi) ili isitawi na kuleta faida. La pili ni namna ya kuitumia. Yafaa mambo haya mawili yafundishwe pamoja. Mtu anayejua kulima tu, bila kujua kutumia, anaweza kuchukua kitu kizuri cha shambani mwake na kumwumiza nacho mtoto wake mwenyewe. Jambo hilo linatokea katika vijiji vyetu na katika miji yetu pia. Basi, soma polepole mpaka mwisho. Tena umsomee jirani asiyejua kusoma.

1. MMEA HUU NI WA NAMNA GANI?

Tangawizi haikuanza katika Afrika. Ilitoka Asia, pande za kusini-mashariki, na wafanya biashara waliivusha bahari tangu zamani sana. Ndugu zake ni manjano, iliki, na yale matungulu mekundu ya porini ambayo watoto hupenda kula.

Watu wengi husema kwamba tunakula mzizi wa tangawizi. Sivyo. Kile tunachokula ni shina, ila shina hili linalala chini ya udongo badala ya kusimama juu. Chukua tangawizi mkononi uitazame. Utaona pete ndogo zinazoizunguka, na hapa na pale utaona jicho, kama jicho la kiazi cha Ulaya. Mzizi hauna macho. Katika kila jicho kunaweza kutoka mche mpya unaopanda juu, na chini ya shina hutoka mizizi ya kweli, iliyo myembamba. Shina likizidi kukua hutoa matawi kama vidole vya mkono. Ndiyo sababu wauzaji sokoni huzungumza juu ya mkono wa tangawizi na vidole vyake.

Ua la tangawizi halitoki juu, penye majani. Linatoka kwa kijiti chake chenyewe, kifupi, karibu na udongo. Kichwa chake ni cha kijani, na maua yake madogo ni ya manjano yenye mdomo wa zambarau. Kama tangawizi yako haikuchanua, usisikitike. Mara nyingi haichanui, na hata ikichanua ni shida kupata mbegu ndani ya ua. Kwa sababu hiyo tunapanda vipande vya shina lenyewe.

Shika jambo hili vizuri, kwa maana lina maana kubwa kwa mlimaji. Mche mpya ni sehemu ya mwili wa mmea wa zamani. Kama mmea wa zamani ulikuwa na ugonjwa, mche mpya utazaliwa na ugonjwa huo huo.

2. MAHALI PANAPOFAA

Tangawizi inapenda vitu vine: joto, maji, udongo laini, na kivuli kidogo.

Joto. Katika nchi za chini na za joto, kama pande za Kisangani, Beni, na bonde la Ruzizi, inakua vizuri ikipata maji. Katika milima ya baridi, kama pande za Lubero, inakua polepole, na vidole vyake huwa vidogo.

Maji. Inataka mvua nyingi, lakini haipendi kusimama ndani ya maji. Maji yakituama, shina linaoza. Watu wa Katanga, ambako kiangazi ni kirefu, sharti wamwagilie maji.

Udongo. Uwe laini, mweusi, wenye mbolea. Katika udongo mgumu wa mfinyanzi vidole havina nafasi ya kunenepa. Tia mbolea ya ng'ombe, ya mbuzi, au ya kuku iliyokaa mpaka ikaoza, au takataka za jikoni na majani yaliyooza katika shimo. Usitie kamwe kinyesi cha watu. Minyoo na magonjwa ya tumbo yangerudi nyumbani pamoja na mavuno.

Kivuli. Kivuli chepesi cha migomba au cha mti wa matunda kinafaa. Kivuli kizito hakifai.

Kama unakaa mjini na huna shamba, unaweza kupanda ndani ya gunia au beseni lililotoboka. Hakikisha tu kwamba maji yanapita chini.

3. KUCHAGUA MBEGU

Chagua mkono wa tangawizi ulionenepa, mgumu, usio na kidonda wala ukungu, wenye macho yaliyovimba. Kama unaweza, pata mbegu kwa mtu ambaye umeliona shamba lake, ukajua kwamba mimea yake haikunyauka. Mbegu ya sokoni ni bei rahisi, lakini hujui ilitoka wapi.

Kata vipande kwa kisu safi. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimeta 4 au 5, kadiri ya kidole gumba cha mtu mzima, tena kiwe na macho 2 angalau. Ukikuta kipande chenye rangi ya kahawia ndani, au chenye maji na harufu mbaya, kitupe mbali, na kisu ukioshe kwa maji ya moto kabla ya kukata kipande kingine. Chovya mahali palipokatwa katika majivu ya jikoni. Kisha acha vipande kivulini siku 2 au 3 mpaka kidonda kikauke. Ukipanda siku ile ile ya kukata, uozo unapata mlango wa kuingia.

4. KUPANDA

Panda mvua inapoanza. Katika Kivu ya kusini wengi wanapanda mwezi wa Septemba, ili mavuno yawe tayari kiangazi kinapofika.

Fanya tuta lenye upana wa metre 1 na kimo cha sentimeta 20 mpaka 30. Pembeni chimba mfereji wa kuondoa maji. Kama shamba liko mlimani, tuta lisishuke pamoja na mlima, bali likate mlima kwa upande, ili mvua isichukue udongo mzuri na kuupeleka mtoni.

Juu ya tuta fanya mistari 3, kila mmoja mbali na mwenzake kwa sentimeta 30. Katika mstari, toka kipande mpaka kipande, acha sentimeta 25. Tuta la metre 3 litapokea vipande 36, yaani karibu kilo 1 na nusu ya mbegu. Hiyo yatosha kwa kuanza. Tia kila kipande katika shimo la sentimeta 5 mpaka 10, macho yakitazama juu, ukifukie.

Ukiisha kupanda, funika tuta lote siku hiyo hiyo kwa majani makavu au majani ya migomba. Kifuniko hiki kina kazi nyingi. Kinazuia jua lisikaushe udongo. Kinazuia mvua kubwa isiupige. Kinazuia magugu. Kisha kinaoza na kuwa mbolea.

Sasa ungoje. Miche hutokea baada ya majuma 3 mpaka 6. Usichimbechimbe kutazama kama imeota, maana utavunja chipukizi.

5. KUTUNZA

Kazi ya kutunza si ngumu, lakini isisahauliwe.

Kwanza, ng'oa magugu kwa mkono, zaidi katika miezi 3 ya mwanzo. Jembe linakata shina lililo karibu na juu, na kila kidonda ni mlango wa ugonjwa.

Pili, shina likianza kuonekana juu ya udongo, lifunike tena kwa udongo laini. Fanya hivyo mara 2 au 3. Shina linaloonwa na jua linakuwa la kijani na halinenepi.

Tatu, ongeza majani ya kufunika tuta kila yanapopungua, na mbolea kidogo pamoja nayo.

Nne, mvua ikikosa, mwagilia jioni au asubuhi. Miezi ya mwisho, majani yanapoanza kuwa manjano, acha kumwagilia.

6. MAGONJWA YA TANGAWIZI

Magonjwa mawili yanaangamiza mashamba.

La kwanza ni uozo wa shina. Linakuja penye maji mengi. Majani ya chini yanakuwa manjano kwanza, kisha ya juu. Sehemu ya mmea iliyo karibu na udongo inakuwa laini yenye majimaji. Ukivuta mche, unatoka mkononi mwako bila nguvu, na shina la chini linanuka.

La pili ni mnyauko. Majani yanajikunja na kulegea upesi, kama mmea umepigwa na jua, hata kama udongo una maji. Jaribu hivi: kata kijiti cha mmea karibu na udongo, ukisimamishe katika glasi ya maji safi. Ukiona kitu cheupe kama maziwa kinashuka taratibu ndani ya maji, ndio mnyauko.

Dawa ya magonjwa hayo, mara yakiisha kuingia katika mmea, hakuna. Lakini kuna njia ya kuokoa mimea iliyobaki. Ng'oa mmea mgonjwa mara moja pamoja na udongo unaoushika. Uchome moto. Usiutupe mferejini wala katika shimo la mbolea. Osha jembe, kisu, na miguu yako kabla ya kwenda kwenye tuta jingine. Usichukue mbegu katika tuta lile, hata kama mimea mingine inaonekana mizuri. Tena usirudishe tangawizi mahali pale kwa miaka 3 angalau. Panda mahindi kwanza. Nyanya, viazi vya Ulaya, biringani na pilipili zisitangulie tangawizi, kwa sababu nazo hushikwa na ugonjwa wa namna hiyo.

Mlimaji mwema hangoji. Akiona jani moja limebadilika, anakwenda kutazama siku ile ile. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwa mtoto.

7. KUVUNA NA KUWEKA

Tangawizi inakomaa baada ya miezi 8 mpaka 10, majani yanapokauka na kulala chini. Ukiitaka laini kwa chakula, unaweza kuchimba kidogo tangu mwezi wa 6. Chimba kwa uma wa shamba au kwa mti uliochongwa, si kwa kupiga jembe. Osha, kausha kivulini, kisha ugawe mafungu matatu: mbegu, ya kula, na ya kuuza.

Fungu la mbegu liwe la kwanza kuchaguliwa, nalo liwe zuri kuliko yote. Watu wengi huuza nzuri na kupanda mbaya, ndipo wanashangaa kwa nini kila mwaka mavuno yanapungua. Weka mbegu mahali pakavu penye kivuli na hewa, ndani ya mchanga mkavu.

Kwa kukausha, paruza ganda kidogo tu, kwa sababu mafuta yenye harufu yako karibu na ganda. Kata vipande vyembamba, uanike juani juu ya mkeka safi uliowekwa juu ya meza ya miti, mbali na kuku na mbuzi. Usiku ingiza ndani. Ni kavu wakati kipande kinapovunjika kwa mlio. Ikiota ukungu, itupe. Kuosha hakuondoi sumu ya ukungu, wala kuchemsha hakuiondoi. Sumu hiyo inaharibu ini polepole.

8. FAIDA YA TANGAWIZI KWA MWILI

Tangawizi ni kiungo kizuri cha chakula na cha chai. Inatia mwili joto na kuamsha hamu ya kula. Jambo moja limepimwa mara nyingi na waganga wa hospitali, nao wameona kwamba ni kweli: inapunguza kichefuchefu, hata kichefuchefu cha mama mwenye mimba katika miezi ya kwanza. Mama huyo anaweza kutia vipande vichache vyembamba katika kikombe cha maji ya moto, angoje dakika 10, anywe kidogo kidogo. Kama anatumia unga, nusu ya kijiko kidogo yatosha kwa siku nzima, akiigawanya mara 3 au 4. Lakini kama anatapika kila kitu, au hapati mkojo, au anatoka damu, asikae nyumbani na tangawizi. Aje hospitalini.

Kwa mtu mzima mwenye mafua, chai ya tangawizi inatuliza koo. Inatuliza tu. Haiui malaria, haiponyi kifua kikuu, haiponyi kisukari. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wengi walikunywa chai ya tangawizi kila siku. Chai hiyo haikuwa kinga wala dawa ya korona. Kuna wanaume pia wanaotafuna tangawizi wakitumaini kupata nguvu za kiume. Kama nguvu zimepungua, yafaa waje kupimwa, maana pengine ni kisukari au mpigo wa damu uliopanda.

Wafuatao waulize munganga kwanza kabla ya kutumia tangawizi nyingi: mtu anayemeza dawa za kuzuia damu isigande, mtu anayengoja kupasuliwa, na mtu mwenye mawe katika mfuko wa nyongo. Mtu ambaye tumbo lake linawaka moto baada ya kuinywa, aiache.

Neno moja juu ya kinywaji cha tangawizi kinachouzwa katika chupa kando ya barabara. Tangawizi haisafishi maji. Kama muuzaji alichukua maji ya ziwa au ya mto bila kuyachemsha, kinywaji chake kinaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Watu wa Goma, Uvira na Kalemie wanakijua kipindupindu vizuri. Ukikifanya kwa kuuza, chemsha maji, osha mikono kwa sabuni, osha chupa kwa maji ya moto. Tena usitie sukari nyingi.

9. JAMBO LISILOFAA KABISA: LAVEMA YA TANGAWIZI

Sasa tumefika kwa jambo kubwa la somo hili.

Katika nyumba nyingi za Kongo, mtoto akiwa na tumbo linalouma, au akiharisha, au akilia sana, au akikaa siku mbili bila kwenda choo, mama au bibi anasaga tangawizi, pengine pamoja na pilipili au majani. Anatia katika maji, kisha anayapitisha ndani ya mtoto kwa njia ya haja kubwa, kwa mpira. Wanaita lavema. Wanafanya hivyo kwa upendo. Walifanyiwa hivyo wao wenyewe walipokuwa wadogo. Hatuwacheki. Lakini ni lazima tuseme kweli: jambo hili linawaumiza watoto, na wengine wanakufa.

Kwa nini? Fikiri mama unapokata tangawizi ukiwa na kidonda kidogo kidoleni. Inawaka, sivyo? Ngozi ya ndani ya tumbo la mtoto ni nyororo kuliko ngozi ya kidole chako. Tangawizi na pilipili zinaichoma. Tumbo lililochomwa linatoa maji mengi na pengine damu. Kama mtoto alikuwa akiharisha tayari, alikuwa amekwisha kupoteza maji, na sasa anapoteza tena. Mpira nao unaweza kutoboa tumbo, na maji machafu yanaingiza vijidudu.

Mama anaona mtoto ametulia baada ya lavema, anasema: “Dawa imefanya kazi.” Lakini pengine mtoto ametulia kwa sababu amechoka, hana nguvu tena ya kulia. Kutulia kwa namna hiyo si kupona.

Basi tufanye nini badala yake?

Mtoto akiharisha, kinachomwua mara nyingi ni kukosa maji mwilini. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kurudisha maji. Kuna pakiti ya unga wa chumvi na sukari katika kituo cha afya. Changanya pakiti katika maji safi, kwa kadiri iliyoandikwa juu yake. Kama huna pakiti, chukua litri 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyo sawa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakikaa siku moja, yamwage, fanya mengine.

Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko kila anapoharisha: mtoto wa chini ya miaka 2, robo mpaka nusu ya kikombe, mkubwa zaidi, nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Usiache kumnyonyesha. Usimnyime chakula. Tena uombe vidonge vya zinki katika kituo cha afya, ambavyo hutolewa siku 10 mpaka 14.

Mtoto asiyekwenda choo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, akiisha kupita majuma 6, anaweza kukaa siku kadhaa bila haja kubwa, naye ni mzima. Kama ananyonya, anacheza, na tumbo ni laini, usifanye kitu. Lakini tumbo likivimba na kuwa gumu, au akitapika kijani, au kama ni mtoto mchanga ambaye hakupata choo siku ya kwanza ya kuzaliwa, mlete hospitalini upesi. Lavema haitamponya. Itachelewesha tu.

Tena usimpe mtoto wa chini ya miezi 6 chai ya tangawizi kwa kinywa. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Na asali, ambayo watu huchanganya na tangawizi, usimpe mtoto asiyefika mwaka 1.

10. KIKOHOZI CHA MTOTO

Mara nyingi mtoto mwenye kikohozi hupewa tangawizi kwa siku tatu au nne kabla ya kuletwa kwetu. Kama ni mafua tu, atapona. Lakini kama ni ugonjwa wa mapafu, siku hizo ndizo alizohitaji dawa.

Kila mama anaweza kujifunza kutofautisha. Mtazame mtoto akiwa ametulia. Fungua nguo, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Pumzi ni nyingi mno zikifika:

— 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
— 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11;
— 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5.

Kama pumzi ni nyingi hivyo, au kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, usisage tangawizi. Mbebe mtoto, uje. Na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, aliyekohoa majuma 2 au zaidi, apimwe kifua kikuu.

11. DALILI ZA KUJA UPESI

Mlete mtoto siku ile ile, hata usiku, ukiona moja katika hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, haamki vizuri, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, hakojoi, kuna damu katika haja. Mwenye homa naye apimwe damu kwa malaria bila kukawia.

Na kama lavema imekwisha kufanywa, usifiche. Mwambie muuguzi ni kitu gani kilichotiwa na ni saa ngapi. Hatatafuta mtu wa kulaumu. Anataka kujua ili ampe mtoto dawa inayofaa. Mama aliyesema kweli amekwisha kumsaidia mtoto wake.

Baba naye ana kazi hapa. Mara nyingi mama anataka kwenda hospitalini, lakini bibi anakataza, au hakuna fedha ya njia. Baba aseme neno, tena aweke akiba kidogo katika fungu la tangawizi iliyouzwa, kwa siku ya ugonjwa. Mabibi nao tunawaomba, kwa heshima: ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani. Mkisema lavema iachwe, itaachwa.

MASWALI NA MAJIBU YA KUKUMBUKA

Swali: Tunakula sehemu gani ya tangawizi?
Jibu: Shina linalolala chini ya udongo.

Swali: Kwa nini tunachagua mbegu nzuri sana?
Jibu: Kwa sababu ugonjwa wa mmea wa zamani unaingia katika mche mpya.

Swali: Tufanye nini na mmea unaonyauka?
Jibu: Tuung'oe na kuuchoma mara moja, wala tusirudishe tangawizi pale kwa miaka 3.

Swali: Tangawizi inafaa kwa ugonjwa gani?
Jibu: Inapunguza kichefuchefu na kutuliza koo. Si dawa ya malaria, wala ya ugonjwa wa mapafu, wala ya kifua kikuu.

Swali: Je, yafaa kumtia mtoto tangawizi kwa lavema?
Jibu: Hapana, hata kidogo, hata mara moja.

Swali: Mtoto akiharisha, tumpe nini?
Jibu: Maji ya chumvi na sukari, maziwa ya mama, chakula, na zinki.

Swali: Mlimaji akiona jani limebadilika anakwenda kutazama siku ile ile. Mama akiona pumzi ya mtoto imebadilika afanye nini?
Jibu: Asingoje. Aje siku ile ile.

Ukiisha kusoma, anza na kazi mbili juma hili. Lima tuta moja la metre 3. Kisha utafute mama mmoja mwenye mtoto mdogo, umweleze habari ya lavema na maji ya chumvi na sukari, mpaka aweze kukueleza yeye mwenyewe.